Nasaha kwa Wanaotafuta Wembamba Katika Vidonge

Hapana aibu kwa mtu kutaka kupunguza unene wake. Mwenye kupanda ngazi akatweta, mwenye magoti yanayomuuma kila anapoinuka katika mswala, na mwenye kuambiwa na daktari kuwa sukari imeanza kupanda katika damu yake, wote hao wana haki ya kutafuta nafuu, na anayewacheka hana adabu wala huruma. Lakini kwa kuwa haja hiyo ni kubwa na wenye nayo ni wengi, imesimama juu yake biashara pana ya vidonge, majani ya chai, unga wa kahawa na matone, ambavyo huuzwa katika maduka ya vipodozi, katika saluni, katika kumbi za mazoezi na kwa njia ya simu, kila kimoja kikiahidi kuondoa kitambi kwa majuma machache bila ya mtu kujinyima wala kutoka jasho. Vingi katika vitu hivyo vimetiwa kichangamsho, yaani dawa inayouamsha mwili kwa nguvu na kuuondolea usingizi na njaa. Juu ya vichangamsho hivyo ndiyo nasaha yangu, na neno langu kubwa ni moja: ule mdundo wa moyo, lile joto la mwili na ule uchangamfu wa ghafla, ambavyo muuzaji humwambia mnunuzi kuwa ni ishara ya dawa kufanya kazi, ndivyo vyenyewe madhara.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa tuangalie kwanza jinsi mwili ulivyoumbwa kuikabili hatari. Mtu akishtushwa na nyoka njiani, tezi zilizo juu ya mafigo yake humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini, na hapo hapo moyo huenda mbio, mishipa midogo ya damu hujifinya, shinikizo la damu hupanda, mboni za macho hutanuka, na tumbo husahau njaa, maana aliye katika kuokoa roho yake hana wasaa wa kufikiri juu ya pilau. Hali hiyo ni rehema ikiwa ni ya dakika chache. Kichangamsho huiiga hali hiyo, au huulazimisha mwili uitoe akiba yake wenyewe, kisha kikaishikilia kwa saa nyingi, siku baada ya siku, ilhali nyoka hayupo. Njaa hukatika kweli, wala sisemi kwamba wauzaji wameyazua hayo. Lakini hukatika kwa sababu mwili umetiwa katika hofu, na moyo ndio unaoilipia hofu hiyo. Mwenye mkokoteni akimcharaza punda wake hupata mwendo kwa muda, ila mjeledi haujapata kuwa majani wala maji, na punda huyo siku atakapoanguka huanguka na mzigo wote. Isitoshe, baada ya majuma kadhaa mwili huzoea, njaa hurudi, na mtumiaji, badala ya kuacha, huongeza kidonge cha pili.

Na baada ya taabu yote hiyo, faida yake ni kiasi gani? Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani waliokusanya majaribio mengi ya efedra na efedrini, ambavyo wakati huo vilikuwa vichangamsho mashuhuri katika dawa za kukondesha, walikuta kwamba watumiaji walipungua kiasi cha kilo 0.9 kwa mwezi zaidi ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, nazo ni kama ratli mbili tu, na majaribio yenyewe hayakuzidi miezi sita, hata isijulikane kama upungufu huo hudumu. Pamoja na ratli hizo mbili, watumiaji walipatwa na wasiwasi, kichefuchefu na moyo kwenda mbio mara mbili hadi mara tatu na ushei kuliko wenzao. Sasa walinganishe hao na mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Kijiko cha chai cha sukari, kikiwa si cha kujaza kichuguu, kina gramu 4 hivi. Akiiacha sukari hiyo pekee, asibadili jambo jingine lolote, kwa hesabu ya karatasi atapungua karibu robo tatu ya kilo kwa mwezi, na moyo wake hautadunda hata pigo moja la ziada. Napenda msomaji aitafakari hesabu hiyo kabla hajafungua mkoba wake.

Katika visa vinavyojulikana, hakuna kilichonigusa kama cha Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa timu ya Baltimore Orioles. Alikuwa kijana wa miaka 23, mwenye madaktari wa timu karibu yake na uwanja uliojaa wasaidizi. Tarehe 16 Februari 2003 alianguka mazoezini katika mji wa Fort Lauderdale, huko Florida, na kesho yake akafariki dunia. Joto la mwili wake lilikuwa limefika nyuzi 42. Alikuwa akimeza dawa ya kupunguza uzito yenye efedra, alikuwa amekula kidogo sana siku zile kwa nia hiyo hiyo ya kupungua, shinikizo lake la damu lilikuwa na kasoro tangu zamani, na hewa ya siku ile ilikuwa ya joto na unyevu. Hakuna hata moja katika mambo hayo manne ambalo peke yake lingetazamiwa kumwua kijana mwenye nguvu kama yule, lakini yalipokutana, hakuokoka. Serikali ya Marekani, ambayo kwa sheria yake ya mwaka 1994 huruhusu virutubisho kuuzwa bila ya kuthibitishwa kwanza, iliipiga marufuku efedra katika virutubisho kuanzia tarehe 12 Aprili 2004.

Kisa hicho kimetokea mbali, lakini hewa yake ni hewa yetu. Mwili hujipoza kwa kupeleka damu karibu na ngozi na kwa kutoka jasho. Kichangamsho huifinya mishipa ya ngozi na papo hapo huzidisha joto la ndani, kwa hiyo mtumiaji hufungiwa mlango ambao joto lingetokea. Anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam katika miezi ya kaskazi, au anayefanya kazi Maskati wakati wa kiangazi, yu katika hatari ambayo haimo katika maelezo ya kopo. Nawaonya zaidi wale wanaomeza vidonge hivi wakati wa daku ili saumu iwe nyepesi, kwa sababu hao watakaa kutwa nzima bila ya tone la maji, na kichangamsho kimo katika damu, na jua la adhuhuri juu ya vichwa vyao. Asiyeweza kufunga bila ya kidonge cha namna hii na amwendee daktari, na mwanachuoni wa dini atamweleza ruhusa zake.

Atasema mtu, "Dawa yangu ni ya mitishamba, haina kemikali." Jibu ni kwamba efedra nayo ni mmea, uitwao mahuang na Wachina, ambao waganga wao wameutumia karne nyingi kwa mafua na pumu, kwa kipimo, na kwa siku chache. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja hata ya kwenda China kutafuta ushahidi. Miraa inayochumwa katika milima ya Nyambene huko Meru ni jani bichi lisilotiwa kitu, na kila aliyekaa na watafunaji anajua kuwa mwenye kutafuna hana hamu ya chakula, hana usingizi, na maneno yake hayakatiki. Kilichomo ndani yake ni kathinoni, ambayo ni jamaa wa karibu wa amfetamini, na tafiti za Yemeni, ambako watu hutafuna kila alasiri, zimeuhusisha utafunaji huo na mshtuko wa moyo. Kahawa pia ni tunda la mti, na mtu mzima mwenye afya haambiwi neno kwa vikombe vitatu au vinne, maana kiasi cha miligramu 400 za kafeini kwa siku kwa kawaida hakimdhuru; lakini kafeini hiyo hiyo ikisafishwa ikawa unga mtupu, kijiko kimoja cha chai hubeba kafeini ya vikombe kama 28, na wamekufa watu kwa unga huo. Basi neno "asilia" juu ya kopo halimwambii mnunuzi chochote juu ya usalama. Linalopasa kuulizwa ni kitu gani kimo, na ni kiasi gani.

Historia ya dawa hizi ni ndefu na inajirudia mno. Katika miaka ya 1960 kulikuwa na dawa ya kukata njaa iliyoitwa aminoreksi, iliyouzwa Uswisi, Ujerumani na Austria kuanzia 1965. Ikaondolewa mwaka 1968 baada ya madaktari kushangazwa na wingi wa wagonjwa ambao shinikizo la damu lilikuwa limepanda katika mishipa ya mapafu yao, maradhi ambayo hata dawa ikiachwa huweza kuendelea kuua. Fenilpropanolamini, iliyokuwamo katika dawa za mafua na za kukonda zilizouzwa huko Marekani bila ya cheti cha daktari, iliondolewa madukani kuanzia mwaka 2000, uchunguzi ulipoonyesha kuwa wanawake walioitumia kwa kukata njaa walikuwa katika hatari kubwa zaidi, mara 16 hivi, ya kupatwa na kiharusi cha kuvuja damu kichwani, na waliochunguzwa hawakuwa vikongwe bali watu wa miaka 18 hadi 49.

Lakini la sibutramini lataka maelezo marefu zaidi, kwa sababu hilo liko nasi hadi leo. Dawa hiyo ilipata idhini mwaka 1997 ikaandikwa na madaktari duniani kote. Kisha likafanywa jaribio kubwa la watu 9,804 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliokuwa na maradhi ya moyo au kisukari, na matokeo yakabainisha kuwa waliopewa sibutramini walipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au mauti ya moyo kwa asilimia 11.4, na wasiopewa kwa asilimia 10.0. Mwaka 2010 ikaondolewa Ulaya na Marekani. Kwa kweli haikuondoka. Ilibadili nguo tu. Ilipokosa mahali katika duka la dawa, iliingia katika kahawa ya kukondesha, katika chai ya kusafisha tumbo, na katika vidonge vyenye picha ya jani la kijani. Wachunguzi waliopitia maonyo ya Serikali ya Marekani ya mwaka 2007 hadi 2016 walihesabu virutubisho 776 vilivyofichwa dawa ndani yake, asilimia 40.9 vilikuwa vya kupunguza uzito, na katika hivyo vya uzito sibutramini ilikutwa katika karibu asilimia 85. Wala kwa kawaida haikuandikwa juu ya pakiti, kwa kuwa mwenye kuficha haandiki. Kwa sababu hiyo, anayesoma orodha ya viungo nyuma ya kopo na kutulia moyo amesoma kile tu ambacho mfanyabiashara alitaka kisomwe, na muuzaji wa rejareja mwenyewe, hata akiwa mwaminifu na mcha Mungu, hajui anachokiuza.

Nimemwona binti wa mtaani kwetu aliyekuwa akijitayarisha kwa harusi, naye alipewa vidonge vya namna hii na mwanamke aliyekuwa akimshonea gauni. Alikuwa akimeza kimoja kila asubuhi kabla ya chai. Siku za mwanzo alivisifu kwa kila mtu. Alisema hahisi njaa wala uchovu. Baadaye mama yake akaanza kumsikia saa nane za usiku akipiga pasi nguo ambazo zilikwisha kupigwa pasi mchana, na asubuhi kikombe kilikuwa kikigonga kisahani kwa mtetemo wa mkono wake, na ulimi wake umekauka hata maneno yakimtoka kwa shida. Mama alimshika kifundo cha mkono, akaitazama saa ya ukutani, akahesabu mapigo 118 kwa dakika, hali binti amekaa kitako na hana homa, ilhali mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Yule muuzaji alipopigiwa simu alijibu, "Hiyo ndiyo dawa imeingia, mama, mafuta yanayeyuka." Hakuna mafuta yanayoyeyuka kwa mapigo ya namna ile. Moyo wa binti ulikuwa ukisema kwa sauti kwamba unaonewa, na maneno yale yakamfundisha kuusikia kama ushindi. Alhamdulillahi, mama hakukubali. Vidonge vilizuiwa siku ile ile, na binti akapelekwa kwa daktari.

Jambo jingine lililo karibu na hilo ni chai za kuendesha. Sanamaki inajulikana sana katika nyumba za pwani, na matumizi yake kwa mtu aliyefunga choo, kwa siku moja au mbili, hayana lawama. Wauzaji huichanganya na kichangamsho, au humshauri mnunuzi atumie viwili kwa pamoja, ili mizani ionyeshe kitu upesi. Na mizani huonyesha kweli, kwa sababu maji yaliyotoka yana uzito. Lakini mafuta yapo pale pale yalipokuwa, na pamoja na maji hayo huondoka potasiamu, madini ambayo bila yake moyo hauwezi kushika mpangilio wa mapigo yake. Moyo unaoharakishwa kwa upande mmoja na kunyimwa potasiamu kwa upande wa pili huweza kuchafuka mapigo ghafla, hata katika mtu ambaye hakuwa na maradhi ya moyo.

Sasa, msomaji wangu, ikiwa bado hujanunua, kapime shinikizo la damu kwanza. Kipimo chake ni cha dakika chache katika zahanati yoyote, na wengi wenye shinikizo la juu hawana habari nalo, kwa kuwa haliumi. Likiwa juu, usiguse kichangamsho cha aina yoyote. Na hukumu hiyo ni ya mwenye maradhi ya moyo, ya kisukari, ya tezi ya shingo au ya kifafa, na ya mtu aliyepata kuugua akili au wasiwasi mkubwa, na zaidi ya wote ni ya mja mzito na mama anayenyonyesha. Anayetumia dawa za pumu, za mafua au za huzuni ajue kwamba baadhi ya dawa hizo huungana na kichangamsho na kuupandisha moyo au shinikizo maradufu. Uliza katika duka la dawa kama bidhaa hiyo imesajiliwa. Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Zanzibar ni ya Wakala wa Chakula na Dawa, na Kenya ni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Kitu kisichosajiliwa, kinacholetwa katika mfuko wa mgeni aliyetoka safari na kuuzwa kwa kunong'onezana, hakina mtu wa kukidhamini utakapopata madhara.

Ikiwa umekwisha kuvitumia, usione haya kumwambia daktari, hata kama amekujia mkali. Mwambie kabla ya kupasuliwa au kutiwa dawa ya usingizi, kwa maana vichangamsho huweza kuuvuruga moyo wako juu ya meza ile. Utakapoacha, siku za kwanza utahisi uchovu, usingizi mwingi, njaa kali na moyo kuwa mzito kwa huzuni, na wengi hushindwa hapo, wakidhani kuwa wamerudi kuwa dhaifu na hawawezi kuishi bila ya kidonge. Kumbe ni mwili unaodai usingizi na chakula ulivyonyimwa. Hali hiyo hupita. Ikikuzidi, au huzuni ikikufikisha pabaya, usiibebe peke yako.

Na haja ya kupungua ingalipo, nami sikusudii kumwacha mtu nayo mikono mitupu. Mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa juma unatosha kabisa, na wengi hupungua polepole zaidi ya hapo na bado hufaidika, kwani hata kupungua asilimia tano ya uzito huweza kushusha shinikizo na sukari. Anza na vinywaji vyenye sukari. Kisha tazama sahani: punguza wali au ugali, zidisha mchicha, kisamvu kisichozidishiwa nazi, kunde na samaki wa kuchoma. Tembea kwa miguu nusu saa kila siku, hata kama ni kwenda sokoni na kurudi, na lala usingizi wa kutosha, maana asiyelala huamka na njaa kubwa kuliko ya kawaida. Ikiwa unene umezidi hata hayo hayatoshi, daktari anazo dawa ambazo si vichangamsho, kama orlistati, inayozuia sehemu ya mafuta ya chakula isiingie mwilini. Na hata vichangamsho vichache ambavyo madaktari wa baadhi ya nchi bado huviandika, huviandikia mtu waliyempima, na hurudi kumpima tena.

La mwisho ni la dharura, na naomba walioko nyumbani mwa mtumiaji walishike kuliko yeye mwenyewe. Kifua kikibana, moyo ukienda mbio na kukataa kutulia, kichwa kikipasuka kwa maumivu ya ghafla yasiyo na mfano, mdomo ukipinda, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, au mtu akazimia katika joto, asipewe maziwa, asifukizwe, wala asiachwe alale mpaka kupambazuke. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na pakiti ya dawa mwende nayo, hata ikiwa tupu, mkamwonyeshe daktari.